Zabuni ya mwalo wa Ukerewe: shajara ya mradi

Jumatatu. Tangazo limetoka

Leo asubuhi NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, imetoa tangazo la ujenzi wa banda la kupokelea samaki kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe, pamoja na vyoo, tangi la maji na chanja za kuanikia dagaa. Mzee, ndivyo tunavyomwita mkurugenzi wetu hapa ofisini Nyakato, Mwanza, aliliona kwenye simu kabla sijawasha kompyuta. Akanitumia neno moja: "Tunaiweza?"

Sikumjibu mpaka nilipomaliza masharti ya lazima, maana zabuni nyingi hufia hapo kabla bei haijaangaliwa. Usajili wa CRB, bodi ya makandarasi, tunao, daraja la tano la majengo, na ndilo wanalotaka. Vyeti vya kodi (TRA), hifadhi ya jamii (NSSF), fidia kwa wafanyakazi (WCF) na usalama kazini (OSHA) viko hai. Mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi, tunaye. Wanataka kazi mbili zinazofanana ndani ya miaka mitano, tena zenye vyeti vya kukamilika; tuna zahanati moja na madarasa ya Magu. Nikamjibu: "Tunaiweza, Mzee. Bei nitakwambia nikishaona mahali penyewe."

Kwa asiyeijua kazi hii: mwandaaji wa zabuni hapangi bei peke yake. Bei ni ya mkadiriaji majenzi, mbinu ni za mhandisi, maandishi ni yangu. Kazi yangu kubwa ni kuhakikisha vitu hivyo vitatu vinasema jambo moja. Bei ikihesabu mashine moja ya zege halafu maelezo yakataja mbili, anayetathmini ataliona, na ana haki ya kutuuliza kipi ni kweli.

Jumatano. Jamvi na nondo

Mchana kutwa nimekaa na mkadiriaji tukipitia BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya kuwekewa bei. Tumeanza na jamvi, sakafu ya zege ya banda, kwa sababu ndilo linalobeba kazi yote: mita 30 kwa 12, unene milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 54 za zege, na mchoro unataka zege la daraja la 25. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, kila mita ya ujazo inakula karibu mifuko 8 ya saruji, mchanga mita za ujazo 0.42 na kokoto 0.84. Ukizidisha unapata mifuko 432, mchanga kama mita za ujazo 23, na kokoto 45.

Watu wakisikia Ukerewe huuliza saruji itavukaje. Mifuko 432 ni tani 21.6 na kila mfuko unabebeka. Kokoto zile ni karibu tani 70. Anayeshinda zabuni hii na kuimaliza ni yule aliyejua kokoto zake zinatoka wapi.

Njia ni mbili. Ya maji: unapakia Mwanza, unashusha Nansio, unapakia tena kwenye lori hadi mwaloni. Ya nchi kavu: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Ya maji ni fupi, lakini mzigo unashikwa na makuli kila unapobadilisha chombo, na kila mshiko unalipiwa. Ya nchi kavu lori linafika na mzigo wake, ila unalipa mafuta ya kuizunguka Ghuba ya Speke yote na muda wa kusubiri foleni ya kivuko. Kazi za upande wa Sengerema zimekuwa rahisi kupangia usafiri tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025; zile kilomita tatu za Kigongo hadi Busisi zimekitoa kivuko kwenye hesabu kabisa. Ukerewe bado maji yamo kwenye kila mstari wa BOQ.

Nondo nazo. BOQ inazitaka kwa kilo, muuzaji anauza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.66, yaani tani moja ni vipande kama 94. Nilimtuma kijana wa stoo akapime vipande kadhaa kwa muuzaji aliyetupa bei ya chini kuliko wote. Wastani umekuja kilo 9.4. Ukiirudisha hesabu hiyo, ni nondo ya milimita 11.3 inayouzwa kwa jina la 12. Tumeiacha bei yake. Mtu atakuja kusimama juu ya zege lile akiwa na kreti ya sangara kichwani.

Jumamosi. Mwaloni

Tumefika na mhandisi. Hii ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote katika kuandaa zabuni. Nyaraka zinasema ukaguzi wa eneo si wa lazima, na wapo wanaoandika zabuni ya kisiwani bila kuvuka maji. Mimi siwezi kuandika "tutafanya" kwa ajili ya mahali ambapo sijapakanyaga.

Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, alitupokea. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti. Nyie ndio mnajenga?" Nikamweleza kwamba bado, tunaomba tu, na wako wengine wanaoomba pia. Akasema, "Basi aliyekuja kutazama nimwonyeshe." Akatupeleka hadi ukuta wa banda la zamani wanamotunzia nyavu. Kuna mistari miwili ya kahawia kwenye plasta, mmoja juu ya mwingine. Akauweka mkono kwenye ule wa chini: "Elfu mbili na ishirini maji yalifika hapa." Akaupandisha: "Ishirini na nne yakafika hapa."

Nilikuwa nimesoma kuhusu vimo hivyo. Kipimo cha kimo cha ziwa kule Jinja, Uganda, kilionyesha mita 13.42 Mei 2020, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na 2024 ziwa likapanda zaidi. Lakini kusoma ni tofauti na kuona mstari ukutani. Mhandisi akatoa mpira wa maji, tukahamisha kimo kutoka kwenye alama ya zege iliyotajwa kwenye mchoro. Uso wa juu wa jamvi, kama lilivyochorwa, unakaa sentimita 40 chini ya mstari wa juu.

Tukapima kimya. Halafu tukapima tena kutokea upande wa pili. Jibu lile lile.

Nikaenda kwa wavuvi wa dagaa nikawauliza ni wakati gani ufukwe unakuwa mweupe. Ukifika asubuhi ya kawaida hapana pa kuweka mguu: mitumbwi, nyavu, dagaa wameanikwa mpaka karibu na mlango wa choo. Kijana aliyekuwa anasafisha taa akanijibu, "Mbalamwezi, dada. Wakati wa giza tunavua kila usiku. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, boti zinapumzika." Nikaandika. Jambo hilo halimo kwenye nyaraka za zabuni hata mstari mmoja, na ndilo litakaloamua lini tunaweza kumwaga zege bila kuwafukuza watu kwenye riziki yao.

Mwisho tulipanda kwa akina mama wanaoponda kokoto chini ya miamba, kama wanavyofanya wenzao kule Mwanza. Nikamsalimu mkubwa wao, nikauliza kwa wiki wanaweza kutoa tripu ngapi. Akaendelea kuponda. "Mwanangu, usiniulize tripu ngapi. Niulize utalipa lini." Akanieleza kwamba kuna mkandarasi aliwahi kuchukua kokoto zao akawaambia wasubiri malipo ya serikali, wakasubiri msimu mzima. Tumeondoka na kiroba kimoja cha kokoto kwa ajili ya maabara.

Mchanga wa ufukweni hatutaugusa, na nimeliandika hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinailinda ile mita 60 kutoka ukingo wa maji. Na hata sheria isingekuwepo, ufukwe ule umeshaliwa vya kutosha. Mchanga utatoka machimbo ya ndani ya kisiwa yenye kibali.

Jumanne. Swali

Nimemweleza Mzee habari ya jamvi. Akauliza, "Wenzetu wameona?"

"Sijui, Mzee. Labda ambao wamefika."

"Tukiuliza kwenye mfumo, jibu linakwenda kwa waombaji wote."

"Ndiyo. Bila kutaja nani kauliza."

Kuna namna ya kulitazama jambo hili inayojulikana mjini: unanyamaza, unaweka bei ya chini kwa mchoro ulivyo, unashinda, kisha maji yakikukuta unaomba kazi za nyongeza. Nimeshaona majengo yaliyokwama hivyo, kuta zimefika kwenye lenta, mkandarasi na mwajiri wanaandikiana barua. Nilimwambia Mzee kwamba sitaki jina letu liingie kwenye barua za namna hiyo, na kwamba banda likiingia maji wa kwanza kuumia ni wale tuliokaa nao Jumamosi. Akafikiri kidogo akasema, "Uliza. Nikijenga pale chini, mwaka unaofuata nitaitwa mimi."

Swali nimeliandika kwa aya moja fupi: kimo cha jamvi kwenye mchoro, kimo cha alama za maji tulizopima, tofauti yake, na ombi la kuthibitishiwa kimo kinachotakiwa. Sikuweka lawama wala ushauri. Swali zuri la ufafanuzi linampa mwajiri kitu cha kupima yeye mwenyewe.

Jumatatu. Nyongeza imetoka

Wamejibu vizuri na kwa wakati. Nyongeza kwa waombaji wote: jamvi linapanda sentimita 60, unaongezwa mteremko wa kuingilia wa 1 kwa 12, na tarehe ya kufunga imesogezwa mbele. Sentimita 60 juu ya mita za mraba 360 ni mita za ujazo 216 za kifusi kilichoshindiliwa. Kifusi hupungua kikishindiliwa, kwa hiyo mkadiriaji ameweka asilimia 25 zaidi, jumla 270. Mteremko wenyewe utakuwa na urefu wa mita 7.2. Mpangilio wa malori tumeuanza upya.

Majibu ya maabara nayo yamefika. Jiwe lenyewe ni granaiti na limefaulu nguvu bila shida. Tatizo ni saizi: vipande vingi havipiti kwenye chekecheo la milimita 20. Mhandisi alitaka tuachane nazo tuvushe kokoto za mashine kutoka Mwanza. Nikamwomba tuzihesabu njia zote mbili mpaka mwisho. Tukiwapelekea akina mama wale chekecheo, tukalipia kazi ya kuchekecha na kuponda tena mabaki, na tukapima sampuli kwa kila shehena, bado tunapata kokoto za bei nafuu kuliko kuvusha tani 70, na fedha zinabaki kisiwani. Amekubali kwa sharti moja: vipande vya majaribio ya zege vya milimita 150 vivunjwe siku ya 7 na ya 28, na zege la nguzo lisimwagwe kabla matokeo ya siku ya 7 ya jamvi hayajaonekana. Sharti hilo nimeliingiza kwenye maelezo neno kwa neno.

Alhamisi usiku. Maelezo ya namna ya kufanya kazi

Hii ndiyo sehemu yangu. Wengi huichukua kwenye zabuni iliyopita, wanabadilisha jina la mradi, wanaendelea. Anayesoma anajua. Ukisema "malori yataleta vifaa saiti kila siku" kuhusu mwalo ambao lori linavukia kwenye kivuko, umeshamwambia kwamba hukufika.

Nimeandika kurasa kumi na moja na naziamini zote. Nainakili aya ya jamvi kama ilivyo:

"Jamvi litamwagwa kwa vipande vitatu, kila kimoja kwa siku moja, ndani ya kipindi cha mbalamwezi ambapo boti za dagaa hupumzika na ufukwe huwa wazi. Tarehe zitakubaliwa na uongozi wa BMU wiki mbili kabla. Saruji, mchanga na kokoto za kipande husika zitakuwa saiti kabla kazi haijaanza. Hakuna kipande kitakachoanza kwa kutegemea mzigo ulio njiani. Mashine za kuchanganyia zege zitakuwa mbili, moja ya akiba, na vaibreta mbili. Njia ya upana wa mita 3 itaachwa wazi muda wote kwa wavuvi na wachuuzi."

Kila sentensi hapo ina mstari wake kwenye bei. Mashine ya akiba ina gharama. Njia ya mita 3 ina uzio na mlinzi. Kuhifadhi mifuko ya saruji kisiwani kunataka stoo yenye sakafu iliyoinuliwa, maana unyevu wa ziwa unagandisha saruji ndani ya mfuko. Mkadiriaji aliipitia aya kwa kalamu mkononi na kuweka alama pembeni ya kila ahadi iliyolipiwa. Iliyobaki bila alama tuliijadili: ama inalipiwa, ama inafutwa. Uzio ulikuwa haujalipiwa, akauongeza.

Kazi zinazogusa maji, yaani ngazi za kushukia na mfereji, nimezitoa kwenye miezi ya Juni hadi Agosti kwa sababu ya upepo wa kusi. Msingi na kifusi nimevitoa kwenye masika. Ukiondoa hivyo vyote, muda uliobaki ni mwembamba lakini unatosha, na ratiba inaonyesha hivyo bila kuficha.

Kwenye mpango wa fedha nimeandika kwamba wasambazaji wa kokoto wa kisiwani watalipwa kila Ijumaa kwa kazi iliyopimwa, bila kusubiri hati ya malipo ya mkandarasi. Hilo limetulazimu kuonyesha fedha zaidi za kuendeshea kazi, na barua ya benki tumeibadilisha ili iendane nalo. Mhasibu alinuna kidogo, kisha akaelewa.

Jumamosi na Jumapili

Fomu. Wasifu wa wataalamu na sahihi zao. Fundi sanifu wetu yuko Geita, sahihi imekuja kwa basi la usiku. Mikataba ya kukodi vifaa. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tamko la dhamana ya zabuni. Hati ya uwakilishi iliyopigwa muhuri na wakili. Ni kazi ya uvumilivu tu.

Jumanne. Bei

Kikao cha mwisho cha bei kilichukua jioni nzima. Jumla ilikuwa juu kuliko alivyotarajia Mzee, na akataka tupunguze. Ni haki yake, yeye ndiye anayebeba hasara. Ila nilimwomba tukubaliane kwanza mahali pa kupunguzia. Tukishusha kokoto tunawadhulumu wale mama, au tunarudi kwenye kokoto zisizochekechwa. Tukishusha nondo tunarudi kwa yule muuzaji wa kilo 9.4. Tukishusha usafiri tunajidanganya, kivuko hakitatusikiliza.

Mkadiriaji akapata nafasi kwenye mbao za kufungia zege: tukimwaga jamvi kwa vipande vitatu, seti moja ya mbao inatumika mara tatu, na BOQ yetu ilikuwa imehesabu kana kwamba ni mpya kila mara. Kibanda cha ofisi ya saiti tukakibadilisha, tutapanga nyumba ya kijiji. Mzee akapunguza faida kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Hapo akasimama, akasema chini ya hapo afadhali mwingine aipate. Nilifurahi kusikia hivyo. Bei ya kuua inashinda siku ya kufungua, halafu inaacha nguzo zimesimama bila paa, na wanakijiji wanapita kando yake miaka.

Ijumaa. Imewasilishwa

Nimeiwasilisha siku moja kabla ya muda kufungwa. Niliingiza bei za BOQ mstari kwa mstari, mkadiriaji akinisomea na kijana wa stoo akihakiki kwenye karatasi. Umeme ulikatika mara moja katikati, jenereta ikashika. Risiti ya mfumo nimeichapa na kuiweka kwenye faili.

Jumatatu, baada ya ufunguzi

Bei zimefunguka. Sisi ni wa tatu kutoka chini. Ya chini kabisa iko mbali sana na wengine wote. Sitaisemea, wataalamu wa tathmini wataiuliza wenyewe. Mkataba haupewi aliyesomwa wa kwanza, unapewa mwenye bei ya chini baada ya tathmini, na tathmini inasoma pia zile kurasa kumi na moja.

Alhamisi

Wametutumia ombi la ufafanuzi kupitia mfumo: wanataka mchanganuo wa bei ya kifusi na ya kokoto. Nimewapa vyote. Kwa kifusi: umbali wa machimbo, ujazo wa lori, tripu kwa siku, mafuta, mshindilio, asilimia 25 ya kupungua. Kwa kokoto: bei ya kuponda, kuchekecha, kubeba hadi saiti, vipimo vya maabara kwa kila shehena. Mhandisi amesaini, Mzee amesaini, jibu limeingia leo saa nane mchana.

Zabuni ina uhalali wa siku 120, kwa hiyo bei zetu lazima zisimame muda wote huo hata za madukani zikipanda. Nimewaandikia wauzaji watatu wa nondo na saruji watushikilie bei kwa maandishi. Wawili wamekubali. Wa tatu, wa saruji, anasema hawezi kuahidi zaidi ya mwezi mmoja. Kesho asubuhi naenda dukani kwake Igoma kuzungumza naye, na kama hatabadilika nitatafuta mwingine kabla ya wiki kwisha.